Mpiga Mbiu Aliyepoteza Sauti

Almaty, 12 Septemba 2006

Dada Shaarkan mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matufaha. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na soksi ulizonifumia nimeanza kuzivaa kabla hata baridi haijabisha hodi, wenzangu wa maabara wananicheka. Baba yetu hajambo? Mwambie Almaty bado haijanipatia mume, asichoke kuuliza. Farasi wake mwekundu amepona mguu? Na Erlan, mpwa wangu, bado anawapenda kondoo kuliko vitabu?

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Wiki iliyopita aliletwa hospitali yetu Sovetbek, mdogo wake marehemu mumeo, shemeji Turat. Ana uvimbe kwenye mfupa wa paja. Nilimtambua kwa kicheko kabla sijamwona uso, maana anacheka kama marehemu, kwa kuanza na kikohozi. Mkuu wangu, Profesa Rimma, alipomhoji akaambiwa kwamba kaka yake alikufa kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka thelathini na minane, na mama yao alikufa kwa saratani ya titi angali kijana. Profesa akaweka kalamu chini. "Hii si bahati mbaya," akasema. "Hii imo kwenye damu ya ukoo."

Basi nakuomba, uniandikie watu wote wa upande wa shemeji, waliokufa na walio hai, na kilichowaua. Baba anajua nasaba ya bonde zima, lakini yeye hutaja wanaume tu, kama vile walizaana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nataka na wanawake.

Mdogo wako,
Akylai


Kok-Jar, 3 Oktoba 2006

Akylai mdogo wangu,

Barua yako ilikaa posta siku sita kwa sababu Gulsun wa posta alikuwa ameiweka chini ya birika. Imefika na duara la chai juu ya jina langu. Sisi tu wazima. Farasi amepona, baba ndiye anayechechemea sasa. Amesema nikuulize, huko Almaty wanaume wote wamekufa au wamefumba macho?

Ama baada ya salamu, nimeketi naye akanitajia ukoo wa Turat. Baba yake ni Asanaaly, mwana wa Mambet, wa Bayish, na kuendelea, wote wamekufa wazee, mmoja kwa kuanguka farasini. Nikamwuliza, na mama yake Turat? Akaniambia, "Mwanamke hayumo kwenye mababa saba tunaowakariri, mbona unanichanganya?" Nimekwenda mwenyewe kuwauliza vikongwe. Mama yake aliitwa Nurjamal, alikufa na miaka thelathini na mitatu, titi lilikuwa limefanya kidonda. Dada yake Nurjamal alikufa msichana, kwa ugonjwa wa tumbo. Zaidi ya hapo hakuna anayekumbuka, kwa kuwa walitoka bonde jingine.

Huyo Turat umenirudishia ndotoni. Amekuja amevaa kofia yake ya manyoya, akawa ananiuliza, "Umeshamwambia?" Nami namwuliza nimwambie nani, anageuza farasi. Nimeamka nimeuma shuka. Usijali, ni ndoto tu za mjane.

Vaa soksi. Wacheke.

Shaarkan


Almaty, 9 Novemba 2006

Dada,

Asante kwa orodha. Profesa Rimma aliibusu, wallahi, pamoja na duara la chai. Amesema wewe ni mtafiti bora kuliko sisi sote wenye makoti meupe.

Sasa nikueleze tulichokikuta kwenye damu ya Sovetbek, nawe uwasimulie hapo nyumbani kwa lugha yako. Kila chembe ya mwili ina kitabu, kirefu kuliko njia ya kwenda Naryn. Humo kimeandikwa kila kitu: jenga mfupa, otesha nywele, gawanyika, acha kugawanyika. Lakini kitabu hakijisomi. Kuna protini ambazo kazi yao ni kukiendea, kuushika ukurasa fulani na kuamrisha usomwe. Unakumbuka baba alivyotuhadithia juu ya wapiga mbiu wa zamani, mtu juu ya farasi anazunguka hema hadi hema akipaza sauti: fungeni mizigo, kesho tunahama? Basi hao ndio wapiga mbiu wa mwili. Wakiuita ukurasa usiofaa, au wakinyamaza ilipofaa waite, chembe hukosa adabu, na hapo saratani hujengeka.

Yuko mmoja tunayemfuatilia sisi, jina lake halina utamu wowote: p53. Kitabu kikichanika, huyu hukimbilia ukurasa unaosema: simameni, shoneni palipochanika, na pasiposhoneka, chembe hii ife kabla haijawaharibu wenzake. Saratani nyingi za dunia, karibu nusu, ukizichungulia utamkuta ameharibika. Kwa watu wengi huharibika ukubwani. Kwa akina Turat watu huzaliwa naye akiwa bubu. Herufi moja tu imekosewa, hawezi kuushika ukurasa. Na ubaya wake, wapiga mbiu hawa hutembea wanne wanne, wameshikana. Akiwemo bubu mmoja, huwaziba midomo na watatu wengine.

Kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana nafasi nusu kwa nusu, kama tulivyokuwa tukirusha vifundo vya mguu wa kondoo: ama upande huu ama ule. Kwa hiyo Erlan lazima apimwe. Nesi Anipa atakuja na sindano kutoka wilayani. Mwambie mpwa wangu asitorokee malishoni, damu kidogo tu, hata mbu huchukua na hasemi asante.

Akylai


Kok-Jar, 5 Desemba 2006

Akylai,

Tu wazima. Theluji imefika magotini. Damu ya Erlan imechukuliwa. Alipoiona akazimia, mtu anayechinja kondoo kila wiki, hebu fikiria.

Niliwasomea barua yako. Baba amesema kitabu gani hicho ambacho mullah hajawahi kukiona. Lakini kesho yake nikamsikia anamwambia farasi habari za wapiga mbiu.

Mimi huyo mpiga mbiu wako ameniingilia usingizini. Naona mahema yetu ya zamani ya kiangazi, yote meupe, ukungu umelala chini hata kondoo wanaonekana migongo tu. Anakuja mtu juu ya farasi wa kijivu. Anafungua mdomo mbele ya kila hema, na hakuna sauti. Watu wanamtazama wanaendelea kukamua maziwa. Anafika kwangu, ananyoosha mkono kama wa kuomba, nami najua anataka nimsaidie neno moja tu, na neno hilo ninalo. Nimelishika mdomoni kama maji.

Nikuulize kitu, usinicheke. Mtoto akilelewa nyumba nyingine, akanyonya maziwa ya mwanamke mwingine, akala chakula chao na kuota jua lao, kitabu chake hakibadiliki?

Shaarkan


Almaty, 14 Januari 2007

Dada, dada, dada!

Piga magoti, chinja kitu. Erlan yu salama! Mpiga mbiu wake ana sauti kama ya baba akigombana na mbwa. Nimelisoma jibu mara tatu, nikamwita Rimma naye akalisoma. Kwako wewe mambo yamekwisha, mlango umefungwa. Ugonjwa wa akina Turat hauna tena mtu wa kumfuata chini ya paa lako. Nililia chooni, nikarudi nikasema ni dawa za maabara.

Kuhusu swali lako: hapana, kitabu hakijui maziwa. Ungemlea mtoto ikulu au zizini, herufi ni zile zile alizozaliwa nazo. Mbona unauliza? Shemeji Turat alikuwa na mtoto wa nje? Niambie, mimi si mtu wa kushangaa, tutampima naye.

Nimechora ukoo wote kwenye karatasi kubwa ukutani. Kwa desturi yetu mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, na mgonjwa tunamjaza wino. Nurjamal ni duara jeusi, Turat mraba mweusi, Sovetbek mraba mweusi. Wewe duara jeupe, umeunganishwa nao kwa ndoa tu. Nami nimejichora pembeni kabisa, mdogo wa mke, duara jeupe lisilohusika. Rimma ananitania kwamba nimejichora mrembo.

Kichekesho kingine. Mwezi uliopita nilijipapasa nikakuta kitu titini, kidogo kama punje ya shayiri. Nikaenda kliniki. Daktari akauliza, "Kuna saratani kwenye familia?" Nikamwambia hakuna, baba yangu ana miaka sabini na sita na anapanda farasi, mama yangu alikufa kwa moyo. Akasema kwa umri wangu ni uvimbe tu wa kawaida, nirudi baada ya mwaka. Kwa hiyo niko sawa, nimekuambia tu kwa sababu huwa nakuambia kila kitu.

Jana, sijui kwa nini, nimekumbuka siku moja kwenye nyasi kavu za akiba ya baridi. Nilikuwa na miaka mitano hivi, nimelala ghalani. Nikafumbua macho kidogo nikakuona umeinama unanihesabu vidole vya miguu, kimoja kimoja. Apa, mama yetu, alipoingia ukainuka upesi ukajifanya unatafuta reki. Sikuwahi kukuuliza. Wewe hukuwahi kunipakata hata siku moja, dada, unajua?

Akylai


Kok-Jar, 11 Februari 2007

Akylai,

Tu wazima. Ng'ombe mweusi amezaa. Njia ya mlimani ilifungwa na theluji, barua yako imenifikia jana tu.

Juzi ndiyo nilikupigia simu, bila kujua ulichoandika. Moyo ulinituma tu. Unajua ilivyo pale posta: Gulsun ameshika waya, na nyuma yangu watu kumi na wawili wamesimama wanajidai wanatazama dari. Ukasema "haloo", nikasahau nilichojia. Nikakuuliza umekula nini. Ukasema tambi. Nikakata.

Sasa nimesoma. Rudi kwa daktari. Usingoje mwaka, usingoje mwezi. Usiniulize kwa nini.

Shaarkan


Almaty, 2 Machi 2007

Dada mpendwa,

Umenishtua kwa barua ya mistari kumi. Ng'ombe amezaa, rudi kwa daktari. Hivi ni nini? Kama Apa angekuwepo angesema umekaa peke yako mno.

Nilikwenda tena, kwa ajili yako tu. Foleni ilikuwa mpaka nje. Daktari ni yule yule. Akaniuliza kuna jambo gani jipya, nikasema dada yangu ameota. Akacheka, nami nikacheka. Nikamweleza ninachofanya kazini, nikamchorea ukoo wa shemeji na mahali nilipo mimi. Akasema, "Binti, wewe unayatazama magonjwa ya watu wengine mchana kutwa, sasa unayaona kwako. Njoo Januari." Na kweli, dada, mimi mwenyewe ningemwambia mgonjwa vivyo hivyo. Punje imekuwa kama maharage, lakini hata hizo za kawaida hukua.

Usikasirike. Kama una neno, liseme. Hizi ndoto zako nazisoma kazini nikakosa usingizi nyumbani.

Akylai


Kok-Jar, 21 Machi 2007, siku ya Noruzi

Akylai,

Barua hii haipiti mkononi mwa Gulsun. Erlan anaivusha mlima kwa farasi, na kutoka Naryn ataileta mwenyewe hadi mkononi mwako. Mpe chai kabla hujaifungua. Kisha fungua ukiwa umekaa.

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa ngano wa Noruzi, mwaka wetu mpya. Baba akaniambia, "Mbona unakoroga kama unapigana na sufuria?" Nikamsomea barua zako, ile ya Januari na hii ya mwisho. Hakuwa amezisikia, nilikuwa nimezificha kwenye unga.

Akauliza, "Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu, Ata."

"Mama yako Batma alituapisha."

"Apa hakujua kama kuna kitabu."

Moto ulikuwa unalia. Kisha akatema ugoro wake, akasema, "Asiyejua mababa zake saba ni mtumwa. Ndivyo nilivyomfundisha yule mtoto, naye anawataja bila kujikwaa, mababa zangu mimi. Mimi ndiye niliyemfanya mtumwa. Andika, Shaarkan. Usipoandika nitaandika mwenyewe, na mwandiko wangu unaujua, kuku akipita anaandika vizuri zaidi."

Basi naandika. Nilikuzaa mimi, mwezi wa tatu mwaka sabini na tisa, nikiwa na miaka kumi na tisa. Wiki ile ile Apa alizaa mtoto wake wa mwisho, msichana, na kichanga hicho kikafa baada ya siku mbili. Apa alikuwa ameketi ukutani, maziwa yanamlowesha nguo, hasemi na mtu. Desturi yetu unaijua, kifungua mimba mara nyingi huwa wa wazee. Kwa kawaida wakwe zangu ndio wangekuchukua, lakini Asanaaly alikuwa mjane, hana wa kukulea. Turat akasema, "Sisi vijana, tutapata wengine. Mpe mama yako." Nikakuweka mapajani mwa Apa, ukamnyonya. Ukawa wake. Hata cheti aliandikishwa yeye. Tulikuwa wanne tuliokula kiapo, Ata, Apa, Turat na mimi, kwamba hutaambiwa kamwe, ili moyo wako usigawanyike. Kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kikanyamaza, maana ni aibu kumnyang'anya mzee mtoto kwa mdomo.

Sikukudanganya sana. Ulinyonya ziwa nililonyonya mimi, kwa sheria ya dini Apa ni mama yako kweli na mimi ni dada yako wa kunyonya. Hilo nilijiambia miaka ishirini na minane. Sikukupakata kwa sababu niliahidi, na kwa sababu ningekupakata mara moja nisingekurudisha. Siku ile ghalani nilihesabu vidole vyako vikawa kumi. Nilijua ni kumi. Nilivihesabu tu.

Uliniandikia kwamba mpiga mbiu akiwa bubu mmoja, huwaziba na wenzake. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imetoboka. Nakupenda kuliko macho yangu, na ningekuacha ufe kwa heshima ya kiapo. Nisamehe au usinisamehe, lakini kwanza kimbilia kwa daktari.

Hawa ndio mababa zako saba. Wajifunze. Wa kwanza ni Turat. Turat wa Asanaaly, Asanaaly wa Mambet, Mambet wa Bayish, Bayish wa Tulku, Tulku wa Kachkyn, Kachkyn wa Esenaman.

Na bibi yako ni Nurjamal. Yeye hayumo kwenye mababa saba wa mtu yeyote, ila wewe mwandike wa mbele kabisa, mwonyeshe daktari.

Shaarkan


Almaty, 19 Mei 2007

Dada Shaarkan,

Ata hajambo? Umenisamehe ukimya wa wiki nane? Erlan amekusimulia, najua, lakini yeye alizimia tena pale hospitali, kwa hiyo habari zake zina mapengo.

Alinikuta maabara amelowa mpaka kiunoni. Nilimpa chai kama ulivyoagiza. Nilifungua nimekaa. Nilipomaliza nilisimama nikaenda ukutani, nikaitazama ile karatasi yangu kubwa, na yule duara mweupe mrembo wa pembeni. Nilikasirika, dada. Nisikufiche. Nilikasirika kwa kila mtu wa Kok-Jar aliyewahi kunipa mkate. Kwa siku mbili sikutaka kulisikia jina lako. Lakini siku hizo mbili nilizipitisha kliniki, kwa sababu ulisema kwanza nikimbilie kwa daktari.

Nilimtajia yule daktari mababa saba, kisha Nurjamal. Hakucheka. Damu yangu aliisoma Rimma mwenyewe, hakutaka mwingine aishike. Kifundo kiliangukia upande mbaya. Herufi ni ile ile ya Turat na Sovetbek. Na punje ilikuwa saratani, lakini changa, haijatoka mahali pake. Walinitoa titi zima la kushoto tarehe tisa Aprili. Hapa ndipo nataka usome polepole: kwa mtu mwingine wangetoa kipande, kisha wangemchoma kwa miale ya kuua masalia ya saratani. Kwa mtu mwenye mpiga mbiu bubu, miale hukipasua kitabu na hakuna wa kuita mafundi, huzaa saratani mpya. Wangenichoma miale, dada, kwa nia njema. Barua yako ndiyo iliyowazuia.

Nitakuwa mtu wa kupimwa kila mwaka maisha yangu yote. Naogopa. Mchana naogopa kidogo, nikilala naogopa sana. Lakini usingizini nimeanza kumwona naye, yule wa farasi wa kijivu kwenye ukungu. Jana alipita hema langu, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kike.

Ile karatasi nimeichora upya. Duara langu limetoka pembeni likashuka chini yako, mstari mmoja kutoka kwa Turat na kwako. Nimelijaza wino mwenyewe. Apa nimemwacha palepale kwa mstari wa nukta, nikaandika "maziwa". Rimma alisema mstari huo haupo kwenye kanuni za uchoraji wetu. Nikamwambia basi kanuni zenu zina upungufu.

Nakuja Juni, mkihamia malisho ya kiangazi. Mbele ya Ata na mbele ya watu nitakuita dada kama siku zote, na Apa wangu ni yule yule aliyelala kaburini. Ila nikishuka farasini nitavua viatu na soksi zako. Keti chini, unipakate mbele yao wote, mtu mzima nilivyo, nawe uhesabu kwa sauti.

Mwanao,
Akylai wa Turat